Tulivyopwelewa Chwaka kisa kolekole mmoja

Wiki mbili kabla ya safari nilikuwa nalala saa nane usiku kwa ajili ya video za Seychelles. Jamaa wanasimama kwenye maji ya magotini, maji meupe mpaka unaona kivuli cha samaki, wanarusha mshipi, kolekole anakuja mbio anabugia, wanavutana nae weee, wanapiga picha alafu wanamwachia aende zake. Nkasema si hata sisi tuna maji ya magotini? Nikanunua fimbo ya kuvulia yenye rili na vichambo vya plastiki vya kila rangi, nikapanda boti Dar, nikifika Unguja nikadandia daladala mpaka Chwaka kwa ami yangu, mdogo wake marehemu baba, mtu wa madema, ile mitego ya samaki ya kusuka, tangu sijazaliwa.

Shikamoo ami, marahaba mwanangu, nikatoa simu nimuonyeshe. Akaangalia kimya mpaka mwisho.

"Huyo samaki kamwachia?"

Ndio ami.

"Kisa? Mgonjwa?"

Sikuwa na jibu la maana.

Kwa asiyeijua Chwaka, ni ghuba pana upande wa mashariki wa Unguja, kusini yake kuna msitu wa mikoko unaoungana na Jozani, na karibu yote ni kina kifupi, chini mchanga na majani. Maji yakitoka sehemu kubwa inabaki kavu, unaona kinamama wanatembea kule ambako asubuhi ulipita na chombo. Ilikuwa mwezi wa kumi, upepo wa kusi umeshakata na wa kaskazi haujaanza, mwezi umeandama siku mbili tu nyuma, yaani bamvua yenyewe. Mi nilikuwa najua bamvua ni maji mengi basi. Kumbe ni mengi na pia ni machache, yanajaa sana na yanatoka sana, tofauti inapita mita 3, wakati maji mafu, yale ya mwezi nusu, inaweza kuwa kama mita 1 tu.

Tukatoka saa kumi na mbili asubuhi na ngalawa, ami kasimama nyuma na pondo, anachoma chini anasukuma, hakuna kelele ya mashine, unasikia maji tu. Dema la kwanza tukalikuta sehemu ya majani. Ami akaliinua, limesukwa kwa fito, mawe ya kulizamisha yamefungwa pembeni, na ule mlango wake ni kama faneli, samaki anaingia kufata mwani kutoka hajui. Ndani chafi tisa na pono wawili. Mi kwa kiherehere nikaingiza mkono kutoa chafi kabla ami hajamaliza kusema "usimshike hivyo".

Jamani. Chafi mnamuona sokoni mpole, rangi ya majani, kumbe miiba ya mgongoni ina sumu. Haiui lakini ilinichoma kwenye kidole cha shahada maumivu yakapanda mpaka kwenye kwapa, jasho likanitoka asubuhi yote hiyo na upepo wake. Ami akaangalia kidole akasema dawa yake maji ya moto, uyavumilie tu yasikubabue, ule ukali wa sumu unavunjwa na joto. Tukifika pwani utachemshiwa. Akaendelea na madema yake.

Lilipoisha la sita akageuza ngalawa. Na hapo ndo nikamuona taa, yule samaki bapa, mkubwa kama sinia la pilau, anatembea juu ya mchanga anatimua vumbi, na nyuma yake kolekole kamganda kabisa anasubiri vinavyofukuliwa. Hii nilishaiona kwenye video! Nikasahau kidole. Ami, dakika tano. Akatizama maji akasema "maji yanakimbia mwanangu". Dakika tano tu ami. Nikarusha, kichambo kikampita. Nikarusha tena kikaangukia juu ya taa akatimka, kolekole nae akatimka, tukawafata. Zile dakika tano zilikuwa kama thelathini na tano, na kolekole alikigusa kichambo mara moja tu akaachia.

Tukasikia khrrr chini ya ngalawa. Ami akachoma pondo, ngalawa ikazunguka kidogo ikakaa. Tukashuka tukasukuma, maji yako chini ya goti, ikaenda kama hatua kumi ikagoma. Saa mbili na nusu asubuhi hiyo, tumepwelewa.

Sa hapo ndo nikapewa darasa. Ami anasema maji hayatoki sawasawa, saa ya kwanza yanajivuta, saa ya tatu na ya nne ndo yanakimbia kama yanafukuzwa, alafu mwishoni yanalegea tena. Siku ile yalikuwa yamejaa pomoni saa kumi na nusu alfajiri, hesabu mwenyewe, mi nilikuwa nahangaika na kolekole kwenye saa mbovu kuliko zote. Na mwisho wa kutoka ni saa nne na nusu, kwahiyo ili yarudi pale yalipotuachia ni mpaka saa sita na nusu. Masaa manne mazima juani, kidole kinadunda kama ngoma.

Kina mama wa pweza wakaanza kupita na vijiti vyao. Mmoja akasimama, "leo mmeegesha mapema!", wenzake wakaangua kicheko. Alafu akainama hapo hapo, hatua tatu kutoka kwenye ngalawa yetu, kuna kijishimo nje yake vijiwe na makombe yamerundikwa, akachokoa kwa kijiti, akavuta pweza wa kutosha mchuzi wa nyumba nzima. Sisi tumekaa tunamuangalia.

Ami akanionea huruma mwisho, akafungua chupa yake ya chai. Chai ya tangawizi, bado inatoa moshi. Akamimina kikombeni, akaijaribu kwanza kwa kidole chake, "tia humo". Nikakaa na kidole kwenye chai, ikipoa anamimina nyingine, na kweli bana baada ya kama nusu saa maumivu yakashuka mpaka nikaanza kuhisi njaa. Ila chai yote iliishia hapo, yeye hakunywa hata funda, akala muhogo wake mkavu mkavu huku anavaa kofia vizuri.

Maji yaliporudi yalikuja kimya, unashtukia tu ngalawa inatikisika. Dikoni tulikuta mnada umeshachangamka na kupoa, wenye samaki wa asubuhi wameshauza, wetu wakaenda kwa bei ya kuonewa. Ami hakusema kitu kuhusu bei. Usiku tukiwa tunakula chafi wa kukaanga ndo akaniambia kesho maji yatachelewa karibu saa nzima, tutatoka saa moja kasoro, na ile fimbo niiache chumbani.