Kile kidude cha madalali wa mawe kinafanyaje kazi

Ukikaa na wauza mawe pale Arusha utaona kuna kidude kifupi unachungulia upande mmoja, jiwe unalishika upande wa pili kwenye mwanga, na ndani unaona vidirisha viwili vimekaa pamoja. Daikroskopu hiyo. Ukiuliza ndani kuna nini unaambiwa lenzi tu, kumbe kazi yenyewe inafanywa na kipande cha kalsaiti, madini yanayopitisha mwanga kama kioo!

Kalsaiti safi ukiiweka juu ya gazeti kila herufi inakuwa mbili, na ukiizungusha taratibu moja inatulia, nyingine inaizunguka. Rasmus Bartholin wa Denmark aliliandika hili 1669 kwa kalsaiti ya Iceland. Sasa iko hivi, mwanga wa tochi au wa jua unatikisika pande zote hovyo hovyo, ila atomi za kalsaiti zimelala kwa matabaka, kwahiyo mtikisiko unaofuata tabaka unacheleweshwa zaidi (kipimo chake cha kupinda ni 1.658) na ule unaokatiza matabaka unapita kwa wepesi, unaweza kushuka mpaka 1.486. Spidi mbili maana yake mipindo miwili, basi mwanga unagawanyika, na kila nusu inatoka ikitikisika upande mmoja tu, moja ikiwa nyuzi 90 kwa mwenzake. Hiyo ndo kupolaraizi. Na mimi naipenda kuliko miwani ya jua ya polaroidi kwa sababu miwani inameza nusu ya mwanga, kalsaiti inakupa zote mbili. Kama una laptop ya LCD weka kalsaiti juu ya maandishi uzungushe, picha moja inafifia mpaka inapotea, endelea robo duara inarudi na ile nyingine ndo inapotea, maana skrini nayo inatoa mwanga uliopolaraiziwa.

Turudi kwa mawe ya madalali, tuchukue tanzanite. Ndani ya kidude kila dirisha linakuonyesha nusu moja ya ule mwanga uliogawanywa na kalsaiti. Tanzanite inanyonya rangi tofauti kutegemea mwanga unatikisikia wapi, ndo maana dirisha moja linakuja bluu na lingine zambarau, na ambayo haijachomwa moto unaweza kukuta na wekundu wa kahawia. Chupa, yaani kioo kinachouzwa kama jiwe, haina hayo, madirisha yote rangi moja.

Ila usikimbilie kuita jiwe chupa jamani, ligeuze geuze kwanza, kuna pembe ambazo hata tanzanite halisi inaonyesha rangi moja. Na spineli ya Mahenge, jiwe lingine la vito, inaonyesha rangi moja daima, na ni jiwe halali kabisa. Rubi ya maabara nayo inatoa mbili kama ya kuchimbwa, hapo tafuta mwenye maikroskopu.