Swichi Tatu na Kipande cha Shaba

Mzee mmoja, jirani yangu hapa Mikindani, aliniagiza bao dogo la mninga la kusafiri nalo, lenye mashimo yote 32 na nyumba mbili za mraba kama desturi inavyotaka. Mashine yangu ya CNC, yaani inayochonga kwa kufuata amri za kompyuta, ni ile ya mezani ya aina ya 3018, ambayo eneo lake la kuchonga ni takriban milimita 300 kwa 180, kwa hiyo nilipanga mashimo ya kipenyo cha milimita 28, kitovu hadi kitovu milimita 34, na safu ya mashimo manane ikatosha bila kubana. Nilikuwa katika shimo la ishirini na moja umeme ulipokatika.

Kwa seremala mwenye patasi, giza ni mapumziko tu. Mashine hii, kinyume chake, haioni mahali ilipo, inahesabu. Mota yake ina hatua 200 kwa kila mzunguko, bodi ya umeme inayoiendesha inaigawa kila hatua mara 16, na kwa kuwa parafujo yangu husogeza milimita 4 kwa kila mzunguko, milimita moja ni hatua ndogo 800. Hesabu hiyo hupotea umeme ukizimika, na ukirudi, programu ya GRBL iliyomo kwenye bodi huchukulia kwamba hapo ilipo ndipo sifuri. Mimi nilikuwa nimekwisha kuzungusha parafujo kwa mkono ili kukitoa kisu ndani ya ubao, kisha nikakirudisha kwa kukadiria kwa jicho. Nilikosea kama nusu milimita, na shimo la ishirini na moja likatoka na kingo mbili, moja ikiwa imeipanda nyingine. Ubao mzuri wa mninga ulipotea, na nililazimika kumwomba Mzee aniongeze muda.

Hapo ndipo nilipoamua kuongeza swichi za mwisho wa mwendo kabla ya kuchonga kitu kingine chochote. Fundi wa vifaa vya umeme mjini aliniuzia swichi tatu ndogo alizozitoa kwenye maikrowevu zilizokufa, na kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu nikapata vipande vya pembe alivyokuwa akivitupa, nikavikata na kuvitoboa ili kushikilia swichi hizo. Niliziunganisha kwa namna ambayo mkondo hupita wakati wote na kukatika swichi inapobonyezwa, nikaiambia GRBL hivyo kwa kuweka $5=1, kwa sababu kwa mpangilio huo hata waya ukikatika mashine husimama, badala ya kuendelea kujigonga ikidhani kwamba hali ni salama. Kisha nikaweka $22=1 ili kila inapowashwa ijifunge hadi niiamuru irudi nyumbani, yaani iende kubofya swichi zake na kuanza hesabu upya kutoka hapo.

Siku mbili za kwanza zilinisumbua sana, kwani mashine ilisimama katikati ya kazi na kutoa kengele ya swichi ambayo hakuna kilichoigusa. Sababu ilikuwa nyaya zangu: nilizifunga pamoja na waya wa mota ya kisu, na kelele za umeme wa mota hiyo zikaingia kwenye swichi. Nilizitenga, nikazisokota mbili mbili, na kwenye kila ingizo la bodi nikachomea kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenda upande hasi. Kengele za uongo zimekoma kabisa.

Kifaa cha pili ni rahisi zaidi, nacho nakipenda kuliko vyote. Ni kipande cha bodi ya saketi chenye utando wa shaba, kilichochomewa waya mmoja, na waya wa pili una kibanio kinachoshika kisu. Ninakilaza juu ya ubao, ninatoa amri ya G38.2, na kisu kinashuka polepole hadi kiguse shaba na kusimama papo hapo. Kwa kalipa unene wake ni milimita 1.58, na nikiupunguza kwenye hesabu ninapata uso halisi wa ubao. Zamani nilitumia kipande cha karatasi na kusikiliza kinavyokwaruzwa, na kila nilipobadilisha kisu kina cha mashimo kilibadilika nacho.

Kwa vumbi nimetengeneza sketi ya nywele za ufagio wa plastiki kuzunguka kisu, inayofyonza kupitia ndoo ya lita 20. Yeyote anayechonga mpingo asiliache hili, na avae barakoa pia, maana vumbi la mti huo huwawasha watu ngozi na kuwabana kifua. Parafujo ninazipangusa kwa mafuta mepesi kila jioni, kwa kuwa hewa ya chumvi ya hapa huleta kutu haraka.

Bao la pili nililianza Jumamosi asubuhi, na umeme ukakatika tena, safari hii katika shimo la kumi na nne. Sikugusa chochote. Uliporudi nilibonyeza amri ya kurudi nyumbani, na kwa kuwa GRBL hupandisha kisu kwanza kabla ya kusogea pembeni, kilitoka ndani ya ubao bila kuukwaruza, kikaenda kubofya swichi zote. Sifuri ya kazi, yaani mahali bao linapoanzia, ilikuwa bado imehifadhiwa katika G54, sehemu ya kumbukumbu ya bodi ambayo haifutiki umeme ukizimika. Nikafuta kwenye faili mistari ya mashimo 13 yaliyokwisha, nikabakiza ile ya mwanzo yenye G21 (vipimo ni milimita), G90 (vipimo vyote vinahesabiwa kutoka sifuri) na M3 (kisu kianze kuzunguka), nikawasha. Nilipopitisha kidole ndani ya shimo la kumi na nne sikuhisi mstari wowote.

Pembe za nyumba mbili nilizimalizia kwa patasi, kwa kuwa kisu cha milimita 3 huacha kona yenye mviringo wa milimita 1.5, na Mzee hakutaka nyumba yenye kona za mviringo. Amelichukua jana jioni pamoja na komwe zake.