Ukihamia zana za betri, anza na betri yenyewe

Wengi wanaoacha mashine za petroli na drili za waya huanza kwa kuchagua mashine. Anza na betri. Ukishanunua betri mbili na chaja, umefunga ndoa: drili, msumeno na mashine ya kupunguza ua utakavyoongeza lazima vikubali betri hiyo hiyo, ndipo uvinunue bila betri kwa bei nafuu.

Madukani mjini utaona betri zimeandikwa 48V, 88V, hata 128V. Usiamini. Seli moja ya lithiamu ikijaa ni volti 4.2, kwa hiyo betri ya seli tano ni volti 21, na kazini hushuka hadi 18 hivi. Omba multimita (kifaa cha kupima volti) upime papo hapo. Angalia pia umbo: betri nyembamba yenye safu moja ya seli tano za saizi ya 18650 (upana milimita 18, urefu 65) haiwezi kuwa 6Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha chaji inachobeba), kwa kawaida haivuki 3.5.

Sasa piga hesabu. Volti 18 mara 5Ah ni wati-saa 90. Grenda inayovuta wati 900 mfululizo inaimaliza kwa dakika sita. Kwa hiyo grenda ya waya usiiuze, hasa kama unakata vyuma vya geti. Drili huvuta sekunde chache ikapumzika. Hiyo betri inaiweza vizuri sana.

Kwenye bustani faida ni kubwa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini ya petroli inapungua nguvu na plagi inajaa masizi kabureta isiporekebishwa. Betri haijali mwinuko, wala hupimi tena mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Ila ua wa kayaba una shina gumu: likizidi nafasi kati ya meno, mashine inakwama na betri inajizima ili kujilinda. Hapo tumia msumeno wa kupogolea.

Chaja ya Marekani ya volti 120 pekee itaungua kwenye stima yetu ya 240, hata ukiweka adapta, maana adapta hubadilisha miguu ya plagi tu. Stima ikipotea, chomoa chaja mpaka irudi na kutulia. Betri ikitoka kazini ikiwa moto, iache ipoe kwanza. Ya kukaa miezi bila kazi, iache na chaji nusu, mbali na gari lililo juani. Iliyofura usiichaji tena kamwe.