Kwa Waik, juu ya Mlima Morungole

Nimepanda Mlima Morungole, kaskazini-mashariki mwa Uganda, hadi kwenye vijiji vya Waik, na ninaandika haya kwa sababu watu hawa wanastahili kujulikana kwa maisha yao yenyewe, si kwa habari za njaa peke yake.

Kijiji chao huzungushiwa ua wa fito na matawi yaliyobanwa sawasawa, na ndani yake kila kaya ina ua wake na mlango wake, mfupi kiasi kwamba mgeni hana budi kuinama sana, karibu kutambaa, ndipo apite. Ujenzi huo una sababu. Waik si wafugaji wa ng'ombe, lakini wanaishi katikati ya Wadodoth na Waturkana, ambao kwa miaka mingi wameibiana mifugo, na njia za wavamizi zilipita humo humo milimani. Waik hulima mtama na ulezi kwenye miteremko na kutundika mizinga ya magogo. Asali niliyoonjeshwa ilikuwa nyeusi, yenye ladha ya moshi.

Kuhusu asili yao, wazee husimulia kwamba walitoka upande wa Ethiopia. Lugha yao, Icetot, haielewani kabisa na Kikaramojong kinachoizunguka. Ndugu yake wa karibu ni lugha ya Wasoo wa Mlima Moroto, iliyobakiwa na wasemaji wachache mno. Kinachoniuma zaidi ni Bonde la Kidepo, walikowinda Waik kabla halijafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1962, kwani waliondolewa humo na hadi leo hawaruhusiwi kuwinda.