Hatua ya Sita, Januari 2014

Jumamosi ya tarehe 11 Januari 2014, saa 12:30 asubuhi, jumuiya yetu ya Ipuli, Tabora, ilikutana kusali kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Kesho yake ilikuwa Ubatizo wa Bwana, sikukuu inayofunga kipindi cha Noeli: pango linabomolewa, sanamu zinarudi kwenye boksi, na kuanzia Jumatatu padre anavaa kijani.

Tulisali kwa Hatua Saba za kusali na Biblia, ambazo wanajumuiya wengi wanazijua: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia neno lililokugusa, kukaa kimya, kushirikishana, kuangalia tunaitwa kutenda nini, na sala za hiari. Ya sita ndiyo inayorukwa kuliko zote. Inafika watu wameanza kutazama saa, na jibu lake la mazoea ni "tuwe na upendo", jibu ambalo wiki inayofuata huwezi kulikagua. Hatua ya sita inataka mambo manne: kazi gani, nani, lini, kwa chombo gani. Nilikuwa katibu, na daftari la mwaka 2013 lilijaa "tuwe na upendo" ukurasa kwa ukurasa.

Somo lililotushika asubuhi ile lilikuwa la Matendo ya Mitume, sura ya 10, Petro anaposema kwamba Yesu alizunguka huko na huko akitenda kazi njema. Mama mmoja alilirudia neno hilo mara tatu. Tulipofika hatua ya sita akauliza ni nani aliyepita kwa bibi wa njia ya Kwihara tangu mkesha wa Krismasi. Hakujibu mtu.

Bibi huyo ni mjane, na alivunjika mkono wa kulia katikati ya Desemba, wiki moja tu baada ya kupanda. Tarehe 24 tulimpelekea mchele kilo 5, sukari kilo 2 na mche wa sabuni, tukaimba, tukaondoka. Sasa tulimfuata baada ya sala. Akatupokea kwa "Mwangaluka, wanangu", akatukalisha, akasema bila kinyongo kwamba mchele aliumaliza na wajukuu wake watatu kabla ya mwaka mpya. Kisha akatupeleka nyuma ya nyumba.

Nusu ekari ya mahindi ilikuwa imemezwa na nyasi. Mahindi yanataka palizi ya kwanza wiki 2 hadi 3 baada ya kuota, na kwa waliopanda wakati ule siku hizo ziliangukia kati ya Krismasi na wiki ya kwanza ya Januari. Majani ya chini yalishakuwa manjano. Chakula cha mwaka mzima cha nyumba ile kilikuwa pale shambani, wala hakikuwa kwenye ule mfuko wa mchele.

Jumamosi ya tarehe 18 tulikuja watu 23 na majembe 14. Nia ilikuwa njema, kazi ikawa mbovu. Wasio na majembe walisimama juu ya matuta wakiyakanyaga. Vijana walichimba karibu mno na shina wakakata mizizi. Zaidi ya hayo, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, nasi tukalima udongo ukiwa tope na kuziacha nyasi na udongo wake mizizini. Kufikia Jumatano zilikuwa zimeshika tena. Nyasi za siku ya mvua hukung'utwa mizizi na kugeuzwa juu ya tuta ili jua lizikaushe, au kazi ingoje udongo ukauke kidogo.

Tarehe 25 walikuja watu 9, kila mmoja na jembe lake, mistari imegawanywa tangu jioni ya kuamkia. Nusu ekari ikaisha kabla ya saa 5. Siku hiyohiyo tuliweka mbolea ya urea, mfuko wa kilo 25, kwa fedha iliyobaki ya mchango wa Krismasi. (Wapo waliotaka iwekwe kwa ajili ya sare za Pasaka. Walibishiwa, wakakubali.) Kipimo ni kizibo kimoja cha soda kwa shimo lenye miche miwili, kwenye kishimo kilicho mbali na shina kwa urefu wa kidole, kisha unafukia. Ikigusa jani inaliunguza, na ikiachwa wazi sehemu yake hupotea hewani.

Udongo wa kichanga kama ule una adui mwingine, gugu liitwalo kiduha. Huanza kunyonya mizizi ya mahindi kabla hakijachomoza, na mmea mmoja huangusha maelfu ya mbegu zinazokaa ardhini miaka mingi. Hung'olewa kwa mkono kabla ya maua kukomaa, hutiwa guniani, huanikwa mbali na shamba na kuchomwa. Tarehe 8 Februari maua mekundu yalikuwa yameanza kuonekana. Tulikuwa watu 7. Bibi alichuma kwa mkono wa kushoto, na wajukuu ndio waliokuwa wakikiona kwanza, kwa kuwa macho yao yako karibu na ardhi.

Asubuhi ile, kabla ya kwenda shambani, niliandika daftarini: "Hatua ya sita. Kung'oa kiduha kwa bibi, kuanzia upande wa mwembe. Leo saa 2. Watu 7, magunia 2. Mistari itakayobaki: Jumatano jioni, watu 4, majina nyuma ya ukurasa."