Fildi kwenye ofisi ya mawakili wa Serikali: kazi iko kwenye jalada

Mwanafunzi wa sheria anayekwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye ofisi ya mawakili wa Serikali hatasimama mbele ya jaji hata siku moja. Haruhusiwi, na hati yoyote anayoiandaa itasainiwa na wakili. Atakachopewa ni jalada, mara nyingi nene, na wakili atamwambia "lisome, kisha uniambie lina nini." Wengi hulipitia juujuu, wanarudisha, wanasubiri kuitwa mahakamani, na wiki zinaisha hivyo. Anayelisoma jalada vizuri ndiye anayepewa la pili, la tatu, na mwishowe anaombwa kuandaa rasimu. Nazungumzia Tanzania Bara, maana Zanzibar ina ofisi zake na sheria zake.

Kwanza ujue unaomba wapi. Tangu Februari 2018, kazi zilizokuwa chini ya paa moja zimegawanywa kwa Matangazo ya Serikali Na. 48, 49 na 50. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali ilibaki na ushauri wa kisheria, uandishi wa sheria na upekuzi wa mikataba. Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali ikachukua mashauri ya madai, ya katiba na usuluhishi. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, inashughulikia jinai. Barua inayoomba "kujifunza uendeshaji wa kesi za jinai" ikipelekwa kwa Wakili Mkuu inaonyesha mapema kwamba mwombaji hajui anakokwenda. Vipo pia vitengo vya sheria vya wizara na halmashauri. Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili hujifunza mengi zaidi kwa mwanasheria wa halmashauri, ambako asubuhi ni sheria ndogo, mchana mgogoro wa kiwanja na jioni mkataba wa zabuni, kuliko makao makuu ambako anaweza kukaa na aina moja ya kazi muda wote.

Peleka barua ya chuo miezi miwili au mitatu kabla ya likizo. Taja tarehe za kuanza na kumaliza, mwaka wa masomo, na masomo uliyokwisha kuyafanya. Aliyekwisha kusoma Sheria ya Ushahidi na Mwenendo wa Makosa ya Jinai atapangiwa kazi tofauti na ambaye hajasoma. Usihesabu posho ya ofisi, hesabu nauli yako na chakula chako mwenyewe.

Siku ya kwanza, kabla hujamzoea wakili, jitambulishe masjala. Mtunza kumbukumbu ndiye anayejua jalada liko kwa nani, lipi limefunguliwa sehemu ya pili, na barua ya wiki iliyopita imewekwa wapi. Mwamkie kwa heshima yake na ufuate utaratibu wake: jalada linatoka kwa kusainiwa, linarudi kwa kusainiwa. Usimpe mwenzako jalada mkono kwa mkono. Likitafutwa asubuhi ya shauri, jina kwenye rejesta ni lako. Tena usichomoe karatasi kwenye jalada kwa ajili ya kutoa kopi na kuirudisha popote, kwa sababu kila karatasi ina namba yake ya folio na barua za baadaye zinarejea namba hiyo.

Sasa lisome, kuanzia folio ya kwanza kwenda mbele. Karatasi ya juu huwa ndiyo mpya, na anayeanzia juu huanza na mgogoro wa leo bila kujua chanzo chake. Chora jedwali la safu nne: tarehe ya waraka, tarehe ulipopokelewa, tukio, folio. Safu ya pili ndiyo wengi wanaiacha, nayo ndiyo inayoamua mashauri. Barua iliyoandikwa tarehe 3 inaweza kuwa na mhuri wa kupokelewa wa tarehe 19, na siku nyingi za kisheria huanza kuhesabiwa kwenye kupokelewa. Kama mhuri umefifia, andika "mhuri hausomeki, folio 14", usikisie. Ukikuta pengo la miezi kadhaa kati ya barua mbili, liandike pia, kwa sababu huenda kuna jalada jingine wizarani lenye mawasiliano ya kipindi hicho, na wakili anatakiwa kuliomba mapema.

Shauri jipya la madai dhidi ya Serikali lina ukaguzi wake wa kwanza, nao uko kwenye Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5. Je, mdai alitoa notisi ya siku zisizopungua 90? Ilimfikia nani, lini, na nakala ilikwenda kwa Mwanasheria Mkuu? Notisi ilieleza msingi wa dai lile lile lililomo kwenye hati ya madai, au hati imeongeza mambo mapya? Mwanasheria Mkuu ameunganishwa kama mdaiwa? Shauri limefunguliwa Mahakama Kuu? Marekebisho ya mwaka 2020 yaliziingiza halmashauri na taasisi nyingi za umma kwenye utaratibu huo, kwa hiyo kumbukumbu za darasani za kabla ya hapo zitakupotosha. Ukikuta mtu ameomba zuio kabla ya siku 90 kuisha, usikimbilie kuandika kwamba amekosea. Yapo maombi yanayojulikana kama Mareva, ambayo Mahakama Kuu huyasikiliza kwa ajili ya kipindi hicho cha kusubiri notisi iishe, na hoja ya kuyapinga ni tofauti kabisa.

Kasoro hizo ndizo zinazozaa pingamizi la awali, na hapo wanafunzi huvuka mpaka. Tangu uamuzi wa Mukisa Biscuit dhidi ya West End Distributors wa mwaka 1969, pingamizi la awali ni hoja safi ya kisheria, inayoamuliwa kwa kuchukulia kwamba maelezo ya upande wa pili ni ya kweli. Ikiwa kuthibitisha pingamizi lako kunahitaji shahidi au kielelezo kinachobishaniwa, hilo ni la kuweka kwenye majibu ya madai. Wakili akikuta rasimu ina mapingamizi sita, na manne yanahitaji ushahidi, atayafuta yote manne na kukupa kazi nyepesi wiki inayofuata.

Kuhesabu siku ndiko naomba ukae nako muda mrefu. Majibu ya madai yana siku 21 tangu wito ulipopokelewa. Notisi ya rufaa ya madai kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 30 tangu uamuzi, na nakala yake impate mjibu rufaa ndani ya siku 14 baada ya kuwasilishwa. Rufaa yenyewe ni siku 60 tangu notisi ilipowasilishwa.

Chukua mfano. Hukumu imetolewa Ijumaa, tarehe 7 Machi 2025. Siku ya hukumu haihesabiwi, kwa hiyo siku ya kwanza ni tarehe 8. Siku ya 30 inaangukia tarehe 6 Aprili, Jumapili. Inasogea hadi Jumatatu tarehe 7, lakini hiyo ni Siku ya Karume, sikukuu ya kitaifa. Mwisho ni Jumanne tarehe 8 Aprili. Andika hesabu yote namna hiyo kwenye dokezo lako, na wakili ataikagua kwa nusu dakika. Kisha pendekeza notisi iwasilishwe wiki ile ile ya hukumu, maana mfumo wa kusajili mashauri kwa njia ya mtandao unaweza kugoma siku ya mwisho, na hakuna anayetaka kuandika maombi ya kuongezewa muda yanayoanza na "mtandao ulikuwa chini."

Kwenye rufaa za madai kuna mtego mwingine. Barua ya kuomba nakala za mwenendo, hukumu na tuzo (hati rasmi ya kilichoamuliwa) iandikwe kwa Msajili ndani ya siku 30 za uamuzi, na nakala yake mjibu rufaa apewe. Bila hiyo, huwezi kunufaika na cheti cha Msajili kinachoondoa siku ulizokuwa ukisubiri nakala. Tangu Kanuni za Mahakama ya Rufani ziliporekebishwa mwaka 2019, Msajili ana siku 90 za kuandaa nakala hizo, na mrufani asipoitwa anatakiwa azifuatilie mwenyewe ndani ya siku 14 baada ya hizo 90. Mwanafunzi anayegundua kwamba barua imo kwenye jalada lakini haina mhuri wa kupokelewa na upande wa pili amefanya kazi ya maana sana.

Hati za viapo nazo zinahitaji jicho. Aya za kiapo zibebe mambo ambayo mwapaji anayajua mwenyewe, au aliyoelezwa huku akitaja aliyemweleza. Hoja za kisheria, maombi na hitimisho havina nafasi humo. Uthibitisho wa mwisho utenganishe aya anazozijua na alizoelezwa. Sehemu ya kiapo ionyeshe mahali na tarehe kilipoapwa, na hapo ndipo rasimu nyingi huharibika: kiapo kimeandaliwa Dodoma, ofisa ameapia Mwanza, na mahali hapakubadilishwa.

Ukiwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, jedwali linabadilika. Chukua kosa lililopendekezwa na polisi, livunje kwenye vipengele vyake, na mbele ya kila kipengele andika shahidi gani anakithibitisha na kielelezo kipi. Safu itakayobaki tupu ndiyo itakayorudisha jalada kwa mpelelezi. Fuatilia kielelezo tangu kilipokamatwa: nani alikikamata, hati ya kukamata mali imesainiwa na nani, kilitunzwa wapi, nani alikipeleka kwa Mkemia Mkuu, nani alikirudisha. Uamuzi wa Paulo Maduka, rufaa ya jinai Na. 110 ya mwaka 2007, ndio utakaousikia kila mara kwenye mnyororo huu. Angalia saa kwenye maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa yanayoandikwa polisi baada ya kuonywa, na ulinganishe na saa ya kukamatwa, kwa sababu muda wa msingi wa mahojiano ni wa saa nne tangu alipokamatwa. Kwa makosa ya uhujumu uchumi, tafuta kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, na pale kesi inaposikilizwa mahakama ya chini, cheti cha kuipa mamlaka. Kesi zimefutwa mwenendo wake wote, miaka baada ya hukumu, kwa sababu ya karatasi hizo mbili.

Kwenye utafiti, TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure na ina hukumu nyingi kuliko maktaba yoyote utakayoifikia. Fungua hukumu yenyewe, isome yote, na unapoitaja weka namba ya ukurasa. Programu za akili mnemba hutunga kesi zisizokuwepo zenye majina na namba zinazopendeza kabisa, kwa hiyo kesi ambayo hujaisoma isiingie kwenye dokezo. Maamuzi mawili ya Mahakama ya Rufani yakigongana, angalia kama lipo la jopo la majaji watano badala ya watatu wa kawaida. Kitu kingine: Toleo la Sheria Zilizorekebishwa la mwaka 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na namba za vifungu kadhaa zimebadilika. Hukumu ya mwaka 2018 itataja kifungu kwa namba ya zamani. Linganisha, kisha utaje toleo unalotumia.

Muhtasari unaompa wakili usizidi kurasa mbili. Mstari wa kwanza uwe hatua inayofuata na tarehe yake ya mwisho. Historia ya mgogoro ije baadaye, kila sentensi na folio yake. Andika pia udhaifu wa upande wetu. Hapa naona vijana wengi wanaogopa, wanaandika kana kwamba Serikali haiwezi kushindwa, ilhali wakili anahitaji kujua kabla ya jaji kwamba mkataba haukusainiwa au kwamba fidia haikulipwa. Mwananchi mwenye haki yake anastahili kulipwa mapema kwa makubaliano, na muhtasari wa kweli unaweza kufanikisha hilo.

Ukipelekwa mahakamani, kazi yako ni kuandika: waliohudhuria, kilichoombwa, amri iliyotolewa, tarehe inayofuata. Amri ya kuwasilisha hoja za maandishi nakili tarehe zote tatu, ya hoja, ya majibu na ya majibu ya ziada, kwa kuwa kutowasilisha kwa wakati huchukuliwa sawa na kutofika siku ya kusikilizwa. Ripoti iingie kwenye jalada siku hiyo hiyo.

Kuhusu siri: hakuna kupiga picha folio kwa simu, hakuna kujitumia rasimu kwa WhatsApp, hakuna kubeba jalada kwenda nalo hosteli. Mdai akikukuta kwenye korido akauliza "kesi yetu imefikia wapi," muelekeze kwa wakili. Ukiona jina la ndugu au jirani kwenye jalada, lirudishe kabla hujaendelea kusoma na umwambie msimamizi sababu.

Fomu ya tathmini ya chuo mpe msimamizi wiki mbili kabla ya kumaliza. Mawakili husafiri kwenye vikao vya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani kwa siku nyingi mfululizo. Siku ya mwisho rudisha majalada yote masjala, na kwa kila moja acha dokezo fupi linaloonyesha ulipofikia na tarehe iliyo karibu zaidi.