Kipovu cha Hewa, Betri na Kipima Kina cha Kayaki

Kwa miaka mingi nilipima kina kwa bildi: kamba yenye mafundo na chubwi zito mwishoni, ambayo hukueleza kina cha pale ulipoiteremsha na si hatua moja mbele yake. Nilipoamua kuifungia kayaki yangu kipima kina cha umeme, nilidhani kazi ngumu ingekuwa nyaya. Kumbe nyaya zilinichukua saa mbili tu, na kilichonilia siku tatu ni kipovu cha hewa kisichozidi punje ya mtama.

Transdyusa, yaani kile kidude kinachokaa chini na kuunganishwa na skrini kwa waya mrefu, hutoa mlio mfupi ambao sikio la binadamu haliwezi kuusikia, kisha husubiri mwangwi urudi kutoka chini. Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo penye kina cha mita 15 mwangwi hurejea baada ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Sauti hiyo hupita vizuri katika maji na katika plastiki iliyoshikamana, lakini inapokutana na hewa karibu yote hugeuka na kurudi ilikotoka. Ukilielewa jambo hili moja, maamuzi yote ya kufunga transdyusa yanakuwa mepesi.

Wako wanaoifunga kwenye mkono wa bomba unaoning'inia ubavuni, na wako wanaoipitisha katika tundu la kutolea maji lililo sakafuni. Mkono wa ubavuni hutoa picha safi na hautaki kutoboa chochote, ila hugongana na kafi, hunasa mwani na mshipi, na husahaulika pale unapoivuta kayaki ufukweni. Mimi nilichagua kuibandika transdyusa ndani, juu ya sakafu ya kayaki, ili ipige sauti kupitia plastiki yenyewe. Gharama yake ni kwamba mlio hupungua nguvu kidogo, kipimajoto husoma joto la plastiki badala ya joto la maji, na zile picha za pembeni zenye maelezo mengi hazipatikani kwa namna hii. Kwa mtu anayevua penye maji ya wastani na anayetaka kujua kina na umbo la chini, hasara hizo zinavumilika. Jambo lisilovumilika ni kayaki ambayo bodi lake lina tabaka la sponji katikati, kwa sababu sponji imejaa hewa na sauti haitapita kamwe.

Kabla ya kubandika, jaribu. Niliiweka transdyusa ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki uliojaa maji, nikalowesha sakafu, nikaukandamiza mfuko mahali nilipopachagua huku kayaki ikielea, na skrini ikaonyesha kina bila kusita. Baada ya hapo nikakausha, nikakwaruza kwa msasa, nikapaka silikoni kwa mistari iliyozunguka kama konokono, nikaibandika. Kosa lilikuwa hilo hilo la konokono, kwa kuwa kati ya mstari na mstari nilifungia hewa. Siku iliyofuata skrini ilionyesha kina penye maji haba, na nilipofika mbele kidogo tarakimu zikaanza kumetameta na kupotea. Niliing'oa bila shida, maana silikoni haishiki sana kwenye plastiki ya kayaki, nikaanza upya: safari hii nilimwaga rundo moja nene la silikoni, nikaikandamiza transdyusa polepole huku nikiizungusha kushoto na kulia mpaka silikoni ikatoka pande zote, nikaiacha siku mbili. Silikoni hukauka kwa unyevu ulio hewani, hivyo rundo nene huchelewa kukauka katikati hata kama juu limekwisha kushika.

Kuhusu umeme, watu wengi hununua betri kubwa kupita haja. Nilipima kwa multimita na kukuta kifaa changu chenye skrini ndogo kinatumia takriban nusu ampea mwanga ukiwa wa kati. Betri ya risasi iliyofungwa, ya volti 12 na ampea-saa 7, ina uzito wa kama kilo mbili na nusu, na haifai kuitumia chini ya nusu ikiwa unataka idumu. Zinabaki ampea-saa tatu na nusu, yaani saa saba za uvuvi. Betri ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti yenye ujazo huo huo ni nyepesi zaidi ya mara mbili, huweza kutumika karibu yote, na volti zake hazishuki sana mpaka inapokaribia kuisha. Bei yake ni kubwa zaidi, na inataka chaja yake yenyewe. Nilianza na ya risasi, na sijutii, ingawa mgongo wangu hulalamika ninapoibeba kayaki. Hata hivyo, usiichaji betri ya risasi ndani ya kisanduku kilichofungwa, kwa sababu inaweza kutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka.

Fyuzi ya ampea tatu (au ile iliyotajwa katika kijitabu cha kifaa) niliiweka kwenye waya mwekundu, karibu kabisa na betri. Betri ndogo kama hiyo ikipigwa shoti inaweza kusukuma mkondo wa kutosha kuuyeyusha waya, na sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi. Kisanduku cha betri nilikifunga kwa mkanda nyuma ya kiti, chini kadiri nilivyoweza, ili uzito usiifanye kayaki iyumbe. Waya wa transdyusa sikuukata hata ulipokuwa mrefu mno. Niliukunja ndani na kuutenga na waya wa umeme ili skrini isichafuke kwa michirizi.

Lililobaki lilikuwa sahihisho moja. Transdyusa yangu inakaa kama sentimita 10 chini ya uso wa maji, nayo hupima kuanzia pale ilipo, kwa hiyo skrini hupunguza kiasi hicho. Niliteremsha bildi penye maji matulivu, nikapata pima tatu kamili, yaani karibu mita tano na nusu, na skrini ikasema 5.4. Nikaongeza 0.1 katika mipangilio, nikaikunja kamba na kuirudisha chini ya kiti, mahali inapokaa hadi leo.